Usicheze na Wavulana: Kisa cha Binti wa Miaka 13 Aliyejihesabia Mimba

Walikuja Jumatatu, siku ambayo benchi la nje ya kliniki yetu hujaa tangu alfajiri. Mama alitangulia, binti nyuma yake na sare ya shule. Binti aliniamkia kwa sauti ya chini, akakaa pembeni mwa kiti mgongo umenyooka, na nilipomtazama vizuri nikaona kwa nini. Chini ya shati alikuwa amejifunga kanga tumboni, imekazwa kama ya mzazi aliyejifungua juzi. Mama hakukaa.

"Nesi, nipimie huyu mtoto. Mimba, magonjwa, na kama bado ni bikira. Vyote vitatu, leo leo."

Binti ana miaka 13 na yuko darasa la sita, pembezoni mwa Dar es Salaam. Nimebadilisha mambo machache ili asitambulike, lakini maneno waliyoyasema nimeyaacha yalivyo, kwa kuwa kisa hiki chote ni kisa cha maneno. Mara nyingi tunalalamika kwamba wazazi hawazungumzi na watoto wao kuhusu balehe. Mama huyu alizungumza. Alizungumza mapema, kwa nia njema kabisa, na maneno yake ndiyo yaliyomfikisha mtoto kwenye kile kiti.

Alichokiona mama

Ushahidi wake aliupanga vizuri. Binti alivunja ungo mwezi wa tatu. Mwezi wa nne akaona siku zake tena, kisha zikakata. Hadi siku ile ilikuwa imepita wiki ya tisa. Chakula cha usiku anakisusa. Amekonda. Anajikuna sehemu za siri akidhani hakuna anayemwona. Zamani jioni ilikuwa kumtafuta mitaani kwenye kombolela, sasa akitoka shule anajifungia ndani. Na wiki iliyopita simu ya nyumbani iliingia vocha kutoka namba asiyoijua.

Mama mwenye akili akiyaweka hayo yote pamoja atafika alikofika yeye. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa.

Kosa langu

Kabla ya kumtoa mama nje, nilimuuliza binti swali ambalo nimewauliza mabinti wengi: "Mwanangu, una rafiki wa kiume?"

Akaitikia ndiyo.

"Mmoja?"

"Watatu."

Mama akakaa chini, kanga mdomoni, akaanza kulia. Binti akamtazama mama, akanitazama mimi, asielewe amesema nini. Alikuwa na marafiki watatu wavulana anaokaa nao dawati moja. Nimemuuliza swali kwa lugha ya watu wazima, akalijibu kwa Kiswahili kilivyo. Miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kuliona swali lile kwa upande wake. Kosa la pili ni kuuliza mbele ya mzazi. Hilo nilifundishwa chuoni, nikalisahau kwa sababu ya foleni.

Nikamwomba mama atusubiri nje. Nikamweleza binti kwamba tutakayozungumza yatabaki kwangu, isipokuwa kama kuna mtu anamdhuru, maana hapo nitahitaji watu wa kunisaidia kumlinda. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akauliza yeye swali lake la kwanza.

"Mtoto atatoka lini?"

Hesabu ya binti

Nilimwomba anisimulie tangu mwanzo, nami nikajizuia kumkatiza. Siku alipoona damu mara ya kwanza, mama alimpa pakiti ya pedi, akamkalisha kitandani akamwambia: "Sasa umekuwa mkubwa. Usicheze na wavulana. Ukiguswa tu, mimba." Mazungumzo yakaishia hapo, mama akaenda kukaanga vitumbua vya biashara.

Mwisho wa mwezi wa nne, wakati wa mapumziko, walikuwa wanakimbizana uwanjani. Mvulana mmoja wa darasa lao akamkamata kiunoni, wote wakacheka, mchezo ukaendelea. Mwezi uliofuata damu haikuja.

Alicheza na mvulana. Akaguswa. Siku zake zikakoma. Kwa maneno aliyopewa, hesabu yake haikuwa na kosa hata moja. Namba ndizo zilikuwa mbovu. Akaanza kujifunga kanga ili tumbo lisionekane. Akapunguza kula usiku, akiamini mtoto asiposhiba hatakua. Pedi za ile pakiti zilikwisha kwenye hedhi ya kwanza. Hedhi ya pili alitumia vitambaa, akavianika chini ya godoro baba asije akaviona, akavivaa vikiwa na unyevu. Hata baada ya damu kukata aliendelea kuvivaa, endapo zingerudi akiwa shule. Ule muwasho uliomfanya mama ahofie kisonono ulikuwa fangasi.

Nikamuuliza kama shuleni hawajafundishwa mfumo wa uzazi. Akafungua begi, akatoa daftari la sayansi. Mchoro wa mji wa mimba ulikuwa pale, umenakiliwa ubaoni kwa rula na penseli, na chini yake kwa mwandiko mzuri: urutubishaji ni muungano wa mbegu ya kiume na yai la kike. Nikamwonyesha kwa kidole. "Hii ndiyo mimba inavyoingia."

Akasema, "Hiyo ni ya mtihani."

Sentensi ya mwalimu ilikuwa ya mtihani na sentensi ya mama ilikuwa ya maisha. Hakuna aliyemwambia kuwa zote mbili zinazungumzia jambo moja. Mwalimu aliishia kwenye mbegu na yai bila kusema vinakutanaje. Mama aliishia kwenye kuguswa. Katikati, mahali ambapo jibu lenyewe lilitakiwa kukaa, palikuwa patupu, na binti akapajaza mwenyewe.

Tafsida na mfumbuzi wake

Tazama maneno tunayowapa watoto wa umri huu. Kucheza. Kuguswa. Rafiki wa kiume. Kuharibiwa. Kuchezewa. Huko chini. Kila mtu mzima anajua yanamaanisha nini, kwa hiyo tunadhani yanasema. Mtoto wa miaka 13 bado anacheza kwa maana ya kucheza. Ukimwambia asicheze na wavulana, ataacha kombolela, ataacha kujisomea na wenzake, na hatajua hata chembe kuhusu lile ulilotaka aliepuke.

Neno linalonisumbua zaidi ni "tendo la ndoa". Ni neno la heshima, nalitumia mwenyewe nikiwa na watu wazima. Lakini mtoto anayelijua hilo peke yake akifanyiwa jambo na mtu asiye mume wake, atalitajaje? Kwa jina tulilompa, jambo hilo haliwezi kutokea nje ya ndoa. Nimekutana na watoto walioshindwa kueleza kilichowapata kwa sababu tu hawakuwa na neno la kuanzia.

Kwetu pwani, mama kushindwa kutamka haya mbele ya binti yake si jambo geni na si uzembe. Adabu ilitaka hivyo, na ndiyo maana kulikuwa na somo na kungwi. Mwali alipovunja ungo alikabidhiwa kwa mwanamke mwingine, shangazi au bibi au jirani aliyeheshimika, akafundishwa kwa nyimbo za mafumbo. Mafumbo yale yalikuwa mazito kuliko "usicheze na wavulana". Tofauti ni kwamba aliyeimba fumbo alikuwa na kazi ya kulifumbua mbele ya mwali, siku baada ya siku, kwa maneno na kwa vitendo. Siutamani unyago wote urudi. Mabinti wengi walitolewa ndani wakaolewa mapema, na mafunzo mengi yalihusu kumridhisha mume kuliko kuujua mwili wao. Lakini tulipohamia mjini tulibeba fumbo, mfumbuzi tukamwacha kijijini.

Mama huyu ni mfano hai. Nilipomuuliza yeye aliambiwa nini alipovunja ungo, alinitajia sentensi ile ile, neno kwa neno. Aliipata kwa shangazi yake huko Kisarawe. Unyago hakuchezwa kwa kuwa alikuwa shule. Akiwa kidato cha pili, miaka 16, akapata mimba ya mtoto wake wa kwanza. Hakujua kuwa lile walilolifanya ndilo "kuguswa", kwa kuwa alikuwa ameshashikwa mkono mara nyingi na hakuna kilichotokea, kwa hiyo akaamini shangazi alikuwa anamtisha tu. Shule ikamfukuza. Tangu hapo anauza vitumbua.

Sentensi moja, vizazi viwili. Mama aliona kuwa si kweli, akaidharau pamoja na hatari iliyokuwa ndani yake. Binti aliiamini yote, akaugua kwa hofu. Haikumlinda yeyote kati yao.

Nilichofanya, na nilichokataa

Kipimo cha mimba cha mkojo nilikifanya kwa ridhaa ya binti, baada ya kumweleza kwamba kwa aliyonisimulia hana mimba, ila kipimo kitamtuliza yeye na mama yake. Hakikuonyesha mimba. Kwa fangasi tukampa dawa.

Kupima ubikira nilikataa, na mama alikasirika mpaka nilipomweleza. Kizinda ni utando mwembamba ulio mlangoni mwa uke, nao hutofautiana kati ya msichana na msichana tangu kuzaliwa. Kuna wanaozaliwa nao mdogo sana, kuna ambao haubadiliki hata baada ya kujamiiana. Hakuna nesi wala daktari anayeweza kuutazama akajua. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani na vyombo vingine viwili vya Umoja wa Mataifa vilitaka kipimo hicho kikomeshwe kila mahali, kwa kuwa hakina msingi wa kitabibu na humuumiza anayefanyiwa. Nilimwambia mama kwa lugha nyepesi: nikimlaza mwanao pale nimfungue miguu wakati hataki, nitakuwa nimemfundisha kwamba mtu mzima ana haki ya kufanya hivyo. Hapo akaelewa.

Kuhusu siku zilizokata, nilichukua kalenda ya ukutani nikawakalisha wote wawili. Mwaka wa kwanza na wa pili tangu kuvunja ungo, mwili haupevushi yai kila mwezi, kwa hiyo damu huja inavyotaka. Mzunguko wa siku 21 mpaka 45 ni wa kawaida kwa umri huu, na mara nyingine unaruka zaidi. Nikawaandikia mambo ya kuwarudisha kwangu: siku 90 zikipita bila damu, damu ikizidi siku 7, pedi kujaa ndani ya saa moja au mbili, au maumivu yanayomzuia kwenda shule. Nikamwongezea mama jambo ambalo wengi hawalijui. Yai hupevuka kabla ya damu kutoka, kwa hiyo msichana aliyejamiiana anaweza kupata mimba hata kabla hajaona hedhi yake ya kwanza, na siku kuvurugika si kinga.

Vitambaa havina ubaya vikifuliwa kwa sabuni na kukauka juani kabisa. Ubaya ni lile godoro. Mama akasema pedi ni ghali kwake, na ni kweli. Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike mwaka 2018, ikairudisha 2019 baada ya kuona bei dukani haikushuka, na anayeumia ni huyu wa vitumbua. Tukakubaliana kamba ya kuanikia iwe nyuma ya nyumba, na baba aambiwe wazi kuwa vitambaa vile ni vya nini.

Hatari iliyokuwepo kweli

Ile vocha sikuisahau. Nilipobaki tena na binti nilimuuliza bila mafumbo: kuna mtu mzima yeyote anakupa vitu, au anakwambia usimwambie mama?

Kulikuwa na kijana wa bodaboda. Tangu mwezi wa tano alikuwa anampa lifti ya bure akitoka shule, mara moja moja hela ya chipsi, na sasa vocha. Alikuwa ameshamshika paja mara mbili akidai anamweka sawa asianguke. Alimwambia iwe siri yao.

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mama. Jibu lake ndilo lililonifanya niandike kisa hiki. "Nilikuwa nimeshaguswa. Nikasema ni yale yale."

Kwake yeye, mwanafunzi mwenzake aliyemkamata kwenye mchezo na mtu mzima anayemnunua kidogo kidogo walikuwa kosa moja, tena kosa lake mwenyewe. Tulimwambia kila mguso ni hatari, akakosa namna ya kuutambua ule wa hatari. Akishaamini ameshaharibika, hana tena cha kulinda, na huyo ndiye mtoto anayetafutwa na watu wa namna ile.

Hapo ile ahadi ya siri ilifika mwisho wake, nikamkumbusha binti, tukamwita mama pamoja. Binti alimsimulia mwenyewe, nikiwa nimemshika bega. Nilimwomba mama asiseme chochote isipokuwa maneno haya: "Umefanya vizuri kuniambia, na huna kosa." Aliyasema akitetemeka. Alitaka kwenda kijiweni saa ile ile. Tulikwenda kwanza kwa afisa ustawi wa jamii, kisha Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 haitambui ridhaa ya mtoto wa miaka 13, na si lazima kusubiri mpaka jambo litimie ndipo kulitolea taarifa. Kwa mzazi asiye na pa kuanzia, namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure. Kijana alionywa, akahama kijiwe. Binafsi sikuridhika na kuonywa tu, na nilisema hivyo. Mama akapanga binti awe anarudi shule na watoto wawili wa jirani.

Maneno ya kubadilisha

Mama aliniambia hawezi kusema "uume" mbele ya mwanawe, ulimi hauendi. Sikumlazimisha. Nilimpa njia tatu na akachagua mwenyewe. Moja, amwombe dada yake wanayeheshimiana awe somo wa binti, ila somo wa kufumbua. Mbili, waongee wakiwa na kazi mkononi, wanachambua mchele au wanakanda unga, macho yasikutane. Tatu, atumie daftari la sayansi, waanzie kwenye ule mchoro, kwa kuwa maneno ya kitabu hayana aibu.

Akachagua daftari na mchele kwa pamoja. Tulifanya mazoezi pale pale, mimi nikiwa binti. Mara ya kwanza alicheka, mara ya pili akalia, mara ya tatu akasema vizuri: "Mimba huingia mwanaume na mwanamke wakijamiiana, uume ukiingia ukeni, mbegu zikakutana na yai. Kushikwa mkono hakuleti mimba. Kucheza hakuleti mimba. Lakini mtu mzima akikushika usipopenda, au akikwambia ufiche, njoo uniambie, sitakupiga."

Hiyo "sitakupiga" aliiongeza mwenyewe.

Alikuwa na hofu ambayo wazazi wengi wanayo, kwamba kumweleza ni kumfungulia mlango. Nilimwambia tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kuwa elimu hii haiwaharakishi vijana kuanza ngono, na pale inapofundishwa vizuri wengi huchelewa. Kisha nikamwambia cha nyumbani: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 uliwakuta wasichana 22 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kupata mimba. Hao hawakufunguliwa mlango na mama zao. Nilimkumbusha pia kwamba tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanaojifungua warudi shule, maana aliponiletea binti yule alikuwa anaiona tayari barua ya kufukuzwa kama yake.

Baba ni dereva wa lori la Tunduma, alikuja ziara ya pili. Alidhani haya ni mambo ya wanawake. Nikamuuliza kuhusu kijana wao wa miaka 15, nani amemwambia kuhusu ndoto nyevu. Wakatazamana. Mama hufua shuka zake kimya kimya na kijana naye hunyamaza, akijifunza kwenye simu. Baba akasema atamchukua safari moja wakati wa likizo, kwenye lori kuna muda. Nadhani ni wazo zuri kuliko lolote ambalo ningempa.

Hedhi ya binti ilirudi wiki ya kumi na moja. Mama alinipigia simu kunijulisha, kwa sauti ya mtu aliyepata mjukuu.

Mwezi uliofuata alipita kliniki akitoka sokoni, ndoo ya vitumbua ikiwa tupu kichwani. Akatoa karatasi iliyokunjwa. Binti alikuwa amemuuliza swali wakichambua mchele, yeye hakulijua, akamwambia, "Sijui mwanangu, nitamuuliza nesi," akaliandika lisipotee. Lilikuwa linauliza mapacha hutokeaje, na kwa nini wengine hufanana na wengine hawafanani. Nikageuza karatasi, nikamchorea mayai mawili upande mmoja, na yai moja linalogawanyika upande wa pili.